Jeneza Lililoipita Treni

Jina la nchi hii sitalitaja. Si kwamba naogopa. Nimelisahau tu, na nililisahau ghafla, baada ya kumwona mtu mwenye miwani myeusi akinunua karanga mbele ya nyumba yetu siku tatu mfululizo bila kuzila. Kwa hiyo tuiite nchi, basi. Ina bendera, ina Mtukufu Kiongozi, ina jiji moja kubwa, na jiji lina foleni ya magari ambayo watu wazima wanaapa kwamba iliwahi kusogea.

Katika jiji hilo kuwahi ni jambo la kutiliwa shaka. Ukichelewa kazini kwa saa tatu, bosi anakupa pole. Ukifika kwa wakati, unaitwa pembeni. Ulipitia wapi? Nani alikupisha? Mwenzako alikuwa nani? Kazi hiyo ina idara yake kabisa, Idara ya Mashaka, na mkuu wake ni Bwana Ngwachi, mtu mwembamba, mpole, mwenye daftari kubwa kuliko kifua chake. Inasemekana siku ya harusi yake alimwomba bibi harusi kitambulisho, akakitazama pande zote mbili, kisha akasema, "Tuendelee kwa sasa." Mimi simsemi mtu. Nasema inasemekana.

Sasa, Serikali ilikuwa imejenga Treni ya Angani. Inaitwa ya Angani ingawa inapita chini, kwa sababu mwaka ule saruji iliadimika, ila anga lipo juu yake na kila mtu analiona. Ilikuwa imezinduliwa mara saba na kusafiri mara mbili. Wananchi hawakuipanda. Wao walipanda bodaboda, wakazunguka vichochoro, wakafika, wakahojiwa, maisha yakaendelea.

Siku moja Mtukufu akachungulia dirishani akauliza, "Mbona treni yangu tupu?"

Swali likashuka ngazi kwa ngazi mpaka likamwangukia Mheshimiwa Tawakali, Waziri wa Mwendo, mtu ambaye tangu apate uwaziri miguu yake haikugusa lami. Mheshimiwa akaitisha mkutano wa hadhara.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Haraka si kitu cha kila mtu kujifanyia tu nyumbani kwake! Haraka lazima iratibiwe! Haraka isiyo na kibali ni nini? Ni fujo inayotembea!"

Tukapiga makofi. Mwenye miwani myeusi alikuwa akituhesabu mikono.

"Kwa hiyo," akaendelea, "Jumamosi vyombo vyote vitashindana, kutoka Soko la Ngozi hadi Lango la Ukombozi. Chombo kitakachofika cha kwanza, hicho peke yake ndicho kitakachobeba watu katikati ya jiji. Vingine vyote, nje! Mtukufu amekwisha kutia saini. Na mnajua, Mtukufu akitia saini, wino wenyewe hauthubutu kufutika."

Ilikuwa haki tupu. Mtu yeyote aliruhusiwa kushindana mradi ajaze fomu. Watembea kwa miguu waliijaza wakakwama kwenye namba ya usajili ya chombo, kila mguu na yake.

*

Kijiwe chetu cha Dukani kina madereva wa bodaboda arobaini, na wote arobaini wakamteua Chambuso. Huyu Chambuso amewakimbiza hospitali wajawazito kumi na tisa, na ni mmoja tu aliyejifungulia njiani, tena mtoto akapewa jina la Chambuso ingawa ni wa kike. Ana mke, ana mapacha, ana pikipiki moja nyekundu. Ukiiondoa hiyo pikipiki, hivyo vingine vinabaki na njaa.

Alhamisi nikaenda kijiweni na Gazeti la Serikali mkononi.

"Kaka, umesoma?"

"Nasoma nini, wakati nafunga mnyororo?"

Nikamsomea kichwa cha habari: TRENI YASHINDA KWA KISHINDO. Chini yake picha ya treni, na mwanamke akilia kwa furaha.

Chambuso akainuka taratibu. "Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Na mashindano?"

"Jumamosi."

Mimi nikasema pengine ni makosa ya wachapaji. Mzee mmoja wa kahawa akaniangalia kwa huruma, vile anavyoangaliwa mtu aliyesoma mpaka kidato cha nne.

"Mimi nitakimbia hivyo hivyo," akasema Chambuso. "Gazeti halina magurudumu. Nikishindwa kwa gazeti nitalia, lakini sitashindwa kwa kukaa."

*

Jumamosi saa tatu asubuhi Mheshimiwa akapiga filimbi, kisha akaingia garini, kwa kuwa na yeye alikuwa mshindani: Msafara wa Waziri, magari kumi na moja na king'ora. Ilikuwa imepangwa awe wa pili. Sijui ilipangwa wapi. Nilimsikia dereva wake akimwuliza mwenzake, "Sisi ni wa pili au wa tatu?" na mwenzake akamjibu, "Wa pili, bwana, wa tatu hakuna."

Treni ikaondoka. Chambuso akaondoka. Kabla ya dakika tano Chambuso alikuwa amesimamishwa mara sita. Kizuizi cha kwanza walitaka leseni. Cha pili walitaka kujua kwa nini ana leseni. Cha tatu kioo chake cha pembeni kilionekana kumtazama afande vibaya. Lakini aliyezoea vichochoro amezoea, na pamoja na hayo yote alifika Njia Panda ya Sukari akiwaona wenzake mbele.

Aliwaona kwa sababu walikuwa wamesimama.

Iko hivi. Kwa sheria za itifaki, treni haina ruhusa ya kumpita Waziri. Na kwa maagizo ya siku ile, Waziri hakuwa na ruhusa ya kuitangulia treni. Pale Njia Panda ya Sukari, reli inapokata barabara, walifika pamoja. Dereva wa treni akapiga saluti akasubiri. Dereva wa Waziri akapiga saluti akasubiri. Treni ikapiga honi ya heshima. Msafara ukajibu kwa king'ora cha unyenyekevu. Askari wakafunga barabara zote nne ili heshima hiyo isivurugwe. Saa nzima ikapita. Nyuma yao jiji lote likaganda.

"Afande," akasema Chambuso, "naomba nipite, niko mashindanoni."

"Najua. Ndiyo maana umesimama."

"Lakini pale pana upenyo, pikipiki inapita."

"Na upenyo umeuonaje? Ulikuja jana kuukagua?"

Chambuso akazima pikipiki. Ndipo sisi wa kijiwe, tuliokuwa tumemfuata kwa miguu, tukasikia watu wanakuja kwa nyuma, mbio mbio, wanasema "Lailaha illallah."

Lilikuwa jeneza la Mzee Mbaruku, fundi saa wa Soko la Ngozi, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Na kwetu jeneza halitazamwi tu. Aliyekaa anasimama, mwenye duka anaegesha mlango, mwenye bega analitoa. Unabeba hatua saba nane, mwenzako anakugusa mkono, unampisha, unabaki nyuma, wa mbele anapokea. Jeneza halimtegemei mtu. Linapita juu ya vichwa kama jani kwenye maji ya mvua. Wala hatuulizi aliyemo ni nani. Ukiuliza utaambiwa, beba kwanza, utajua mbele.

Afande aliyeuliza habari za upenyo akavua kofia akasogeza kizuizi kwa mikono yake mwenyewe. Magari ya Msafara yakarudi nyuma nusu mita. Dereva wa treni akashuka, akabeba hatua nane, akarudi.

Chambuso akaegesha pikipiki ukutani.

"We Chambuso!" nikamwita. "Mashindano!"

"Hatua nane tu. Mzee Mbaruku alinitengenezea saa ya baba yangu. Nibebe nirudi."

Hakurudi. Nyuma palijaa, mbele panavuta. Kila akitaka kutoka, bega jingine linachoka, yeye anashika tena. Upenyo alionyimwa akiwa na pikipiki aliupita akiwa na maiti.

Sasa nikwambie kuhusu Lango la Ukombozi. Ni lango la makaburi makuu ya jiji. Serikali ilitaka lango la ukombozi, lango lililokuwepo lilikuwa hilo, wakalipaka rangi. Siku ile palikuwa na utepe, bendi, na mtangazaji wa redio, na wote walikuwa na amri moja: kinachofika cha kwanza, pigeni muziki, msiulize maswali. Jeneza likafika. Utepe ukakatika. Bendi ikapiga.

"Mshindi huyooo!" akapayuka mtangazaji, macho yakiwa kwenye karatasi yake. "Anaingia kwa kishindo... anaingia... jamani, anaingia akiwa amelala!"

Na kabla hajameza mate, simu ya Mtukufu ikaunganishwa moja kwa moja hewani: "Hongera sana, mshindi wetu! Umelitoa taifa kimasomaso. Kuanzia leo jiji ni lako."

Taifa zima lilisikia. Na Mtukufu hakosei.

*

Bwana Ngwachi akafungua daftari papo hapo. Akamwendea mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekuwa bado na udongo viganjani.

"Marehemu alikuwa na haraka ya nini?"

"Alikufa, bwana."

"Alijua tangu lini?"

"Kwamba?"

"Kwamba mashindano yangekuwa leo."

Jumatatu sheria ikaanza kazi. Treni ikavuliwa magurudumu. Magari ya Msafara yakafunikwa turubai, hata la Waziri, kwani saini ilisema vyombo vyote vingine. Pikipiki zikakusanywa kwa malori zikafungiwa uwanjani, isipokuwa nyekundu moja iliyosemekana kuibwa. Mimi sijui lolote. Najua tu kwamba nyuma ya kibanda cha mchimba makaburi pana turubai jeusi, na kwamba polisi wetu, mashujaa wa kila mahali, makaburini hawaingii wakiwa peke yao.

Basi watu wakaanza kwenda kazini kwa jeneza. Msishangae, mtu akiwa na foleni ya saa nne huzoea chochote. Wale arobaini wa kijiwe chetu wakawa wachukuzi. Chambuso akashika pembe ya mbele kushoto, akarudi nyumbani na bega limevimba na unga wa kupimwa kwa kikombe.

"Mapacha wanauliza pikipiki iko wapi," akaniambia. "Nimewaambia imekwenda kusoma."

Tatizo lilikuwa moja. Watu wa jiji hili wakiona jeneza wanapokea, na wakipokea wanakwenda makaburini. Njia nyingine mabega yao hayaijui. Kwa hiyo abiria wakajifunza kushuka. Ukikaribia kona yako unagonga mbao mara tatu, kwa adabu, unasema, "Shusha hapo kwa fundi cherehani," wachukuzi wanainama, unatoka, jeneza linaendelea tupu. Mtoto wa darasa la kwanza aliyajua hayo. Ole wake atakayepitwa na kona na kuingia langoni! Ndani ya lango alikaa Bwana Ngwachi na daftari lake, na daftari lilikuwa na safu moja tu: WALIOFIKA. Safu ya waliotoka haikuchapishwa. Aliyeandikwa humo alikuwa marehemu kiserikali.

*

Mwezi ukapita, kisha Mtukufu akachungulia tena dirishani. "Treni yangu haina hata magurudumu! Mwiteni Tawakali. Leo saa kumi kamili. Akichelewa dakika moja, uwaziri anao mwingine."

Mheshimiwa hakuwa na gari. Wizara ikamtengenezea jeneza la kiserikali: mto wa hariri, feni ndogo, bendera mbele. Saa tisa na robo akajilaza, akafungiwa kifuniko, akasema kwa sauti ya ofisini, "Ikulu!"

Chambuso na wenzake watatu wakamwinua. Mita mia hawajamaliza, mtaa umeona jeneza lenye bendera. Watu wakatoka madukani, wakatoka saluni, wakatoka madarasani. Kila mtu alitaka bega. Sijawahi kuona jiji lina ari namna ile. Hawakujua aliyemo, au walijua. Mimi simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba pale kona ya Ikulu wazee wawili waliokuwa na magongo asubuhi walikuwa wanakimbia.

Ndani, Mheshimiwa alihisi kona imepita. Sasa, huyu hakuwahi kushuka popote katika chombo cha wananchi. Hakujua kugonga mara tatu. Akapiga mbao mfululizo kwa ngumi na miguu.

"Simamisheni! Hii ni amri!"

"Nani huyo anasema amri?" mtu akauliza chini.

"Abiria."

"Abiria gani hasemi anashuka wapi? Twende, atatuambia."

Hakusema anashuka wapi. Alisema majina ya watu atakaowafukuza kazi. Wakazidi mwendo.

Likatuliwa ndani ya lango. Mheshimiwa akatoka jasho likimtiririka, bendera imemnasa sikioni. Bwana Ngwachi alikuwa amekwisha kulowesha kalamu kwa ulimi.

"Jina?"

"Ngwachi, acha upuuzi! Unanijua! Mimi ndiye niliyekuajiri!"

"Ndiyo maana siwezi kukupendelea, Mheshimiwa. Sababu ya kifo?"

"Sijafa!"

Ngwachi akaandika, akijisomea polepole: "Sababu... haijulikani. Saa tisa na dakika arobaini na tatu." Akainua macho. "Hivi huyo anayedai hajafa ana ushahidi?"

"Naongea na wewe!"

"Wengi wanaongea, Mheshimiwa. Tunawafuatilia."

Saa ilikuwa kumi kasoro dakika kumi na tano. Mheshimiwa akarukia jeneza, akajilaza tena, akaamuru arudishwe Ikulu. Hakuna aliyesogea. Jeneza huingia makaburini na mtu, hutoka tupu. Kulitoa na mtu ndani ni kisirani ambacho hata mwendawazimu hakitaki. Waliokuwa wamempigania bega sasa walikuwa wanatazama viatu vyao. Mmoja mmoja wakatawanyika, wakabaki Ngwachi, mimi, na Chambuso.

Mheshimiwa akaketi ndani ya jeneza kama mtu aliye bafuni. Sauti ya ofisini ikamwishia.

"Kijana. Wewe ni dereva, nakukumbuka. Huna... huna chombo chochote?"

"Mheshimiwa, vyombo si vilipigwa marufuku?"

"Nakuuliza kama mzazi wako, mwanangu."

Chambuso akatazama kibanda, akanitazama mimi, akamtazama tena yule bwana.

"Kuna kitu kinaweza kupatikana. Lakini naandikiwa kwanza. Bodaboda zote zirudi mjini. Zote arobaini, na za vijiwe vingine. Jina na saini."

"Nitaandika nikifika."

"Ukifika utakuwa Waziri. Andika sasa, ukiwa mtu."

Ikawa saa kumi kasoro dakika kumi. Mheshimiwa akanyakua karatasi kwenye daftari la Ngwachi, akaandika, akatia saini. Ngwachi akaipokea kabla ya Chambuso, akaisoma mbele na nyuma, akainusa.

"Hii imeandikwa baada ya saa tisa na dakika arobaini na tatu?"

"Sasa hivi umeniona!"

"Basi mwandishi alikuwa amekwisha kusajiliwa. Maneno ya marehemu si agizo." Akagonga muhuri. "Huu ni wasia."

Chambuso hakusubiri ufafanuzi. Turubai likaruka, pikipiki nyekundu ikakohoa mara moja, ikaitika. Mheshimiwa akapanda nyuma, suti na tai, akamkumbatia Chambuso kiunoni. Wakaingia kichochoro cha wauza mkaa, wakakata uwanja wa shule, wakapita ukumbini katikati ya harusi ya watu na kupigiwa vigelegele, na waliokuwepo wanasema Mheshimiwa alikuwa anapiga kelele, "Kimbiza! Kimbiza, baba! Penya hapo hapo!" Aliiratibu haraka vizuri sana siku ile.

Saa kumi kasoro dakika tatu, Chambuso mwenyewe ndiye aliyenisimulia, walikuwa mbele ya Ikulu. Hakuna Waziri aliyewahi kufika mapema hivyo tangu uhuru.

Bendera ilikuwa nusu mlingoti.

Askari wa getini akamtazama Mheshimiwa, akatazama orodha, akavua kofia. "Pole sana," akamwambia Chambuso.

"Pole ya nini?" akafoka Mheshimiwa. "Fungua!"

"Taarifa ya Bwana Ngwachi imetufikia kwa simu, mzee. Mtukufu ameshatuma rambirambi. Waziri mpya ameapishwa sasa hivi, yumo ndani anakunywa chai."

Kumbe tulishindanisha treni, magari, pikipiki na jeneza, tukasahau taarifa ya Ngwachi, ambayo haihitaji hata barabara.

Kibandani mwa askari redio ilikuwa inasoma, kwa muziki wa maombolezo: "... na kwa kuwa wasia wa marehemu hauvunjwi hata na Mtukufu, pikipiki zote zinarejea katikati ya jiji kuanzia dakika hii..."

Chambuso alifumba macho. Akaweka mkono juu ya tangi la pikipiki. Kutoka mbali, upande wa uwanjani, akasikia injini moja ikiwashwa, halafu ya pili, halafu hakuweza tena kuzihesabu.

Mheshimiwa alikuwa bado amesimama mbele ya geti. Aligusa komeo. Askari akamwondoa mkono taratibu, kwa heshima wanayopewa waliotutangulia.

"Sasa," akauliza, hakumwuliza mtu hasa, "mimi nirudi nyumbani na nini?"

Chambuso akafuta kiti cha nyuma kwa kiganja.

"Panda, marehemu," akasema. "Tutakwenda polepole. Wewe huna tena haraka."